Walimu Walikuwa Pande Zote Mbili



Tarehe 2 Septemba 1998, mjini Arusha, majaji wa ile mahakama ya kimataifa ya Rwanda walimtia hatiani mtu aitwaye Jean-Paul Akayesu. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyokuwa imewahi kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari kabla ya siku hiyo, ingawa Umoja wa Mataifa ulikuwa umepitisha mkataba wa kulizuia kosa hilo tangu Desemba 1948. Wanaomkumbuka Akayesu wanamkumbuka kama mkuu wa eneo la Taba, nchini Rwanda. Kabla ya cheo hicho alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule.

Desemba 2003, hapo hapo Arusha, alihukumiwa Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM. Mimi niliye mbele ya kipaza sauti siwezi kulitaja jina la redio hiyo bila kujikagua. Ilianza kurusha matangazo Julai 1993, kwa muziki mzuri na utani wa vijana, na mwaka uliofuata ikawa inawaelekeza wauaji njia. Rufaa ya mwaka 2007 ilimpunguzia Nahimana kifungo kutoka maisha hadi miaka 30, lakini hatia haikumwondoka yote. Na kazi yake ya kusomea ilikuwa nini? Historia. Alikuwa mhadhiri wa historia katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda.

Nimeanzia Arusha kwa makusudi, maana ninachotaka kukizungumza leo kiko kwenye miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, kule Marekani, na kinahusu walimu wa historia. Mwaka 2023 Bunge la jimbo la Minnesota lilipitisha sheria, Gavana Tim Walz akaitia saini, kwamba shule za kati na za sekondari zifundishe, ndani ya maarifa ya jamii, Maangamizi ya Wayahudi, mauaji ya kimbari ya wenyeji wa asili wa Marekani, na mauaji mengine ya kimbari. Mwaka wa kuanza uliotajwa ni mwaka wa masomo wa 2026 hadi 2027. Mmoja wa walioupigania muswada huo ni Frank Hornstein, aliyekuwa mbunge wa Minneapolis wakati huo, mtoto wa familia iliyonusurika Maangamizi. Minnesota imechelewa kidogo. Illinois, si mbali na hapo, imekuwa na sheria kama hiyo tangu mwaka 1990.

Lakini sheria haiingii darasani. Anayeingia ni mwalimu, labda kijana wa miaka ishirini na saba aliyesoma chuo kwa mkopo, aliyefundishwa vita ya uhuru ya Marekani mara tano na Rwanda kwa nusu saa. Huyo ndiye atakayesimama mbele ya watoto thelathini na kuwaeleza jinsi Wayahudi milioni sita walivyouawa, na milioni moja na nusu kati yao wakiwa watoto wa rika lao na wadogo zao. Nani amfunze mwalimu huyu, na amfunze nini?

Miji pacha ina bahati ya kuwa na watu wa kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Minnesota kina kituo cha masomo ya Maangamizi na mauaji ya kimbari kilichoanzishwa mwaka 1997 na mwanahistoria Stephen Feinstein, aliyekiongoza mpaka alipofariki mwaka 2008. Feinstein aliipenda sana sanaa, akiamini mchoro unaweza kumfikisha mwanafunzi pale ambapo takwimu zinamwacha njiani. Kituo hicho huendesha semina za walimu. Kule Saint Paul, kwenye shule ya sheria ya Mitchell Hamline, lipo shirika la World Without Genocide. Na baraza la uhusiano wa jumuiya ya Kiyahudi limekuwa likiwapeleka shuleni wazee walionusurika, pamoja na watoto wao, wakasimulie. Wazee hao sasa wanatutoka. Kila anapozikwa mmoja, mzigo wake unahamia mabegani mwa mwalimu ambaye hakuona kitu kwa macho yake.

Wakufunzi wa kazi hii wamejifunza kutokana na makosa ya shule nyingi, na mengi wanayosema yanashangaza mwanzoni. Usimwigizishe mtoto. Walimu wa Marekani wanapenda igizo, na wapo waliowagawa wanafunzi kuwa wafungwa na walinzi wa kambi, wakidhani hivyo mtoto atahisi. Hahisi. Anacheza, anacheka, na anatoka akidhani amejua njaa ya Auschwitz kwa sababu alikaa sakafuni dakika arobaini. Pili, usimmwagie mtoto picha za maiti. Maiti iliyopigwa picha uchi na muuaji wake haikuomba kuonyeshwa, na mtoto aliyeogopeshwa hufunga macho, hafikiri. Mtoto aingizwe salama na atolewe salama. Tatu, usipime uchungu kwa mizani, kwamba hawa waliumia zaidi kuliko wale. Nne, na hapa ndipo penye kazi, kuwa sahihi: sema nani alifanya, lini, kwa amri gani, kwa karatasi ipi. Ukisema tu kwamba watu waliuawa, umemficha muuaji ndani ya sarufi.

Hayo ni ya ufundi, na nayakubali yote. Kinachonikaa kooni zaidi ni darasa moja la jiografia.

Mwaka 1993, katika mji mdogo wa Alliance, jimbo la Nebraska, mwalimu kijana aliwafundisha wanafunzi wake Maangamizi ya Wayahudi, lakini hakuyafundisha kama ajabu iliyodondoka kutoka mbinguni. Aliwauliza: ni hali gani zilizotangulia? Kisha akawapa dunia ya wakati ule waichambue nchi kwa nchi, chakula, wingi wa watu, historia ya ukoloni, migawanyiko. Mtihani wa mwisho uliwataka wataje ni wapi mauaji ya kimbari yanaweza kutokea. Wakajibu, Rwanda. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 1994, watoto wale wa wakulima na wafanyakazi wa reli walifungua televisheni wakaona. Mwalimu yule aliitwa Tim Walz, ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa gavana. Mwaka 2001 aliandika tasnifu yake ya shahada ya uzamili kuhusu namna ya kufundisha somo hili sekondari, akisema Maangamizi yawe mlango wa kuingilia kwenye mauaji mengine, yasiwe chumba kilichofungwa peke yake.

Sipigii debe mwanasiasa. Ana chama chake na wapinzani wake, na wapiga kura wa kule wanamjua kuliko mimi. Namtaja kwa sababu ya lile darasa. Watoto waliokuwa hawajawahi kumwona Mnyarwanda waliiona Rwanda kwenye majedwali. Waliona kile ambacho babu zetu wa Gitarama na Butare, kule Rwanda, walikiishi: kwamba katika miaka ya 1930 Wabelgiji walimwandikia kila mtu kabila lake kwenye kitambulisho, na kitambulisho hicho kilikuwa bado kinatumika miaka sitini baadaye, vizuizini, kuchagua nani apite.

Hata hivyo, tusijidanganye. Utabiri wa Alliance haukumwokoa hata mtu mmoja. Umoja wa Mataifa nao uliambiwa: Januari 11, 1994, Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa askari wa umoja huo nchini Rwanda, alituma ujumbe New York kueleza silaha zilizofichwa na orodha zilizokuwa zikiandikwa. Walijua, wakakaa. Na wale walioketi Wannsee, nje kidogo ya Berlin, Januari 20, 1942, kupanga mauaji ya Wayahudi wa Ulaya nzima, walikuwa wanaume kumi na watano, na zaidi ya nusu yao walikuwa na shahada ya udaktari. Walimu wa Ujerumani walijiunga karibu wote na chama cha walimu cha Wanazi na kuwafundisha watoto kupima pua za wenzao. Kwa hiyo mtu akiniambia elimu ni chanjo dhidi ya mauaji ya kimbari, namwonyesha Akayesu na Nahimana. Mafunzo ya mwalimu nayapima hapo: je, yanamwonyesha mwalimu kwamba darasa lenyewe limewahi kuwa kituo kimoja kwenye njia ya mauaji, pale mtoto wa Rwanda alipoambiwa asimame mbele ya wenzake ataje kabila lake? Mwalimu ambaye hajaonyeshwa hilo atafundisha huzuni tu, tena huzuni ya mbali, na kengele ikilia watoto watakwenda kula.

Minneapolis haihitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Mwaka 1936 mwandishi kijana wa gazeti la huko, Eric Sevareid, aliandika mfululizo wa makala kuhusu Mashati ya Fedha, kikundi cha Wamarekani waliomhusudu Hitler, kilichokuwa kikikutana mjini humo humo. Mwaka 1946 mwandishi Carey McWilliams akaiita Minneapolis makao makuu ya chuki dhidi ya Wayahudi nchini Marekani. Madaktari wa Kiyahudi walikuwa wakinyimwa nafasi katika hospitali za mji, kiasi kwamba jumuiya yao ikachanga fedha na kufungua hospitali yake, Mount Sinai, mwaka 1951. Fikiria: kambi za Ulaya zilikuwa zimefunguliwa, picha zimeonekana kwenye majumba ya sinema, na bado daktari hana pa kumlaza mgonjwa wake. Mwalimu akianzia hapo, mwanafunzi hawezi kusema hayo ni ya Wajerumani.

Akishuka mpaka kwenye ngome ya Fort Snelling, atakuta jingine. Wasikilizaji mnaofanya kazi uwanja wa ndege wa Minneapolis mnaipita ngome hiyo kila siku. Iko pale Mto Minnesota unapoingia Mississippi, mahali Wadakota, wenyeji wa asili wa eneo hilo, wanapopaita Bdote, na wengi wao husema ndipo walipoanzia. Mwaka 1862, baada ya kudhulumiwa ardhi na malipo yao na kuachwa na njaa, baadhi ya Wadakota walipigana na walowezi kwa wiki kadhaa, na mamia ya watu waliuawa, wengi wao raia. Gavana wa wakati huo, Alexander Ramsey, akaliambia bunge lake kwamba Wadakota ama waangamizwe ama wafukuzwe milele nje ya mipaka ya jimbo. Mahakama ya kijeshi ikawahukumu kifo wanaume 303, kesi nyingine zikichukua dakika chache. Rais Lincoln akaipunguza orodha, na Desemba 26, 1862, mjini Mankato, wanaume 38 wakanyongwa kwa pamoja kwenye jukwaa moja. Marekani haijawahi kunyonga watu wengi kiasi hicho kwa siku moja, kabla wala baada. Wakati huo huo Wadakota wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walifungiwa chini ya ngome ile majira yote ya baridi. Waliokufa wanakadiriwa kati ya 130 na 300. Masika walipakiwa kwenye meli za mvuke wakapelekwa uhamishoni Crow Creek.

Msikilizaji wa Iringa au Songea anaisikia hadithi hii kama ya nyumbani. Kiongozi wa Wadakota, Taoyateduta, alipigwa risasi Julai 1863, na fuvu lake na mifupa yake vikakaa mikononi mwa chama cha historia cha jimbo, kwa miaka mingi vikiwekwa hadharani watu wavitazame, hadi mwaka 1971 ukoo wake ulipovipata ukavizika. Mkwawa wa Wahehe alikufa mwaka 1898, na fuvu lililorudishwa Kalenga lilirudi mwaka 1954. Lothar von Trotha, jenerali wa Kijerumani aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero kule Namibia Oktoba 1904, alikuwa amekwisha kufanya kazi kwetu, Afrika Mashariki ya Kijerumani, katika miaka ya 1890. Aliwapa Waherero yale yale mawili ya Ramsey, wafe au waondoke. Mwaka uliofuata yakaanza Majimaji, ambako jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo yanafika laki tatu. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja kuomba radhi Songea Novemba 2023. Walz naye, akiwa gavana, aliomba radhi Mankato Desemba 2019. Mankato ndiko alikofundisha pia, baada ya kuhama Nebraska.

Mwalimu wa Minneapolis hahitaji kujua yote haya. Lakini akijua kwamba Namibia, Songea na Bdote zinaweza kusomwa kwenye ramani moja, atakuwa na jambo la kumwambia mtoto wa Mtanzania aliyekaa nyuma akidhani somo halimhusu.

Na watoto hao wapo. Madarasa ya miji pacha yamejaa Wasomali, Waoromo, Wahmong, Waliberia, Wakenya wa Brooklyn Park, Wakongo, Warundi. Mwalimu akitamka Hargeisa, ambako mwaka 1988 ndege za serikali ya Siad Barre wa Somalia ziliruka kutoka uwanja wa mji huo zikaupiga mabomu mji huo huo, huenda mbele yake yuko mjukuu wa aliyekimbia kwa miguu kuelekea Ethiopia. Huenda pia, viti viwili pembeni, yuko mjukuu wa askari. Wote wawili wanavaa jezi ya timu moja ya mpira wa kikapu. Nani amemfunza mwalimu cha kufanya dakika hiyo?

Au chukua Burundi ya mwaka 1972. Wahutu waliosoma ndio waliosakwa kwanza. Walimu na wanafunzi walitolewa shuleni, wakapakiwa kwenye malori, hawakurudi. Idadi ya waliouawa inakadiriwa kati ya laki moja na laki mbili, wengine wanasema laki tatu. Waliookoka walikuja Tanzania, wakalima Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakazeeka huko wakizungumza Kiswahili, na baadhi yao miaka mingi baadaye wakapelekwa Marekani. Mzee wa namna hiyo yumo ndani ya nyumba, anatazama mpira na wajukuu, na hajawahi kuwasimulia. Anaogopa kuwatia chuki, au anaogopa mwenyewe kulia mbele yao. Siku mtoto akirudi na zoezi la nyumbani lisemalo ahoji mkubwa katika ukoo, mwalimu amebisha hodi mahali asipopajua. Ningependa semina za walimu ziwe na somo zima juu ya zoezi hilo moja, na lianze kwa kumwambia mwalimu kwamba mtoto ana haki ya kutolifanya.

Mauaji hayahitaji kuwa ya zamani ndipo yalete matata. Juni 2024 Chuo Kikuu cha Minnesota kilimpa mwanahistoria Muisraeli, Raz Segal, nafasi ya kukiongoza kile kituo nilichokitaja. Miezi minane nyuma, Oktoba 2023, alikuwa ameandika makala akisema anachokiona Gaza ni mauaji ya kimbari. Wajumbe wawili wa bodi ya ushauri wakajiuzulu, baraza la jumuiya ya Kiyahudi likapinga, na uongozi wa chuo ukaiondoa nafasi hiyo mkononi mwake. Wasomi wengine wakapiga kelele kwamba uhuru wa taaluma umeingiliwa. Maprofesa wenye miaka thelathini ya utafiti walishindwa kukaa meza moja, halafu tunamtaka mwalimu wa darasa la nane ajibu swali hilo hilo Jumatatu asubuhi, kati ya kuita majina na chakula cha mchana.

Wapo wanaomshauri mwalimu wa namna hiyo akae kimya. Sikubaliani nao. Mtoto aliyenyamazishwa kuhusu Gaza hatamwamini mwalimu akimwambia habari za ghetto la Wayahudi la Warsaw, na mtoto wa Kiyahudi anayesikia Warsaw ikigeuzwa kuwa rungu la kumpigia naye atafunga masikio. Mwalimu aliyefunzwa anacho cha kushika: maneno ya mkataba wa 1948 yenyewe, hasa kifungu cha pili kinachodai ithibitike nia ya kuliangamiza kundi, ushahidi na namna unavyopimwa, kesi ambayo Afrika Kusini iliifungua dhidi ya Israeli Desemba 2023 mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Anaweza kuwapa wanafunzi hoja za pande zote mbili kama zilivyowasilishwa mahakamani, wazisome kwa utulivu. Marekani yenyewe ilichukua miaka arobaini kuuridhia mkataba huo, mpaka 1988. Seneta William Proxmire wa Wisconsin, jirani wa mashariki wa Minnesota, alisimama bungeni tangu 1967 akatoa hotuba 3,211 kuwasihi wenzake. Hotuba moja kila siku ya kikao, miaka kumi na tisa. Hicho nacho ni kisa cha kufundishia, na hakina maiti hata moja.

Rwanda, baada ya 1994, ilisimamisha kwa miaka mingi kufundisha historia ya nchi shuleni, kwa sababu vitabu vilivyokuwepo ndivyo vilivyokuwa vimefundisha chuki, na walimu waliobaki hai hawakujua waseme nini mbele ya watoto wa waliouawa na wa waliowaua. Watu wengi huniambia huo ulikuwa woga. Mimi naona ulikuwa uaminifu: mwalimu asiyejua aseme nini, heri apewe muda wa kujifunza.

Minnesota haina nafasi ya kusimamisha. Tarehe imeandikwa kwenye sheria. Kwa hiyo, ninyi wazazi mlioko huko: mikutano ya wazazi na walimu hufanyika wakati wa majira ya majani kupukutika, na mna haki ya mkalimani. Tumezoea kumwogopa mwalimu, akisema amesema. Huko anatarajia kuulizwa. Mwulize watoto watasoma nini, kwa kitabu gani, na kama yeye mwenyewe amepata mafunzo au ameachiwa ajitafutie. Ukiwa na la kusimulia na moyo unaruhusu, mwambie uko tayari kuja darasani. Ukiwa nalo na moyo hauruhusu, mwambie hilo pia, ili asije akamsimamisha mwanao mbele ya wenzake akitaka aiwakilishe nchi nzima. Na Fort Snelling ina kituo chake kwenye reli ya Blue Line, kati ya uwanja wa ndege na mjini; mnaweza kwenda na watoto, kabla mwalimu hajawapeleka.